Picha Zilizozeeka Kabla ya Wenyewe

Mwaka 1772, mjini London, Sir Joshua Reynolds alichora picha ya binti aliyeitwa Miss Kirkman, kisha akafungua daftari lake na kuandika kwa mkato vitu alivyovitumia. Kwanza gundi ya mti iliyochanganywa na unga wa chokaa. Juu yake nta. Juu ya nta, yai. Juu ya yai, vanishi. Halafu rangi tena, ya kurekebisha hapa na pale. Mwisho wa mstari akaandika matokeo: inapasuka.

Fundi rangi yeyote wa nyumba, hata ambaye hajawahi kuchora picha, akisomewa mstari huo atashika kichwa. Anajua kwamba mkono wa pili haupigwi kabla ya wa kwanza kukauka, na kwamba kitu kigumu hakidumu juu ya kitu laini. Gundi ile ya chini hunywa unyevu wa hewa, ikavimba na kunywea kila majira yanapobadilika. Nta haiwi ngumu kikamilifu. Joto likipanda kidogo hulegea. Ute wa yai ukikauka hujikaza kama ngozi ya ngoma na kuvuta kila kilicho chini yake. Kumbe ngoma hiyo imewambwa juu ya nta. Ikivuta, nta inakubali, na rangi iliyo juu inakatika vipandevipande.

Kukosea ni sehemu ya kila kazi ya mikono, wala simlaumu Reynolds kwa kukosea. Kinachofanya kisa chake kistahili kusimuliwa kwa kijana anayetaka kuishi kwa brashi ni kwamba aliuona ufa, akauandika kwa mkono wake mwenyewe, na bado akaendelea na mchezo uleule, juu ya turubai za watu waliokwisha kumlipa.

Wala hakuwa mbabaishaji. Alizaliwa mwaka 1723 Plympton, katika jimbo la Devon, baba yake akiwa mchungaji na mwalimu wa shule. Alipofika umri wa miaka 17 alipelekwa London kuwa mwanagenzi wa Thomas Hudson, mchoraji wa picha za watu aliyekuwa na jina wakati huo. Kati ya 1750 na 1752 alikuwa Italia, akizunguka na vitabu vyake vya michoro, akinakili kazi za mabingwa. Chuo cha Kifalme cha Sanaa kilipoanzishwa mwaka 1768, yeye ndiye aliyechaguliwa kuwa rais wake wa kwanza, na mwaka uliofuata mfalme akampa cheo cha Sir. Hotuba zake 15 kwa wanafunzi wa chuo hicho, alizozitoa kati ya 1769 na 1790, zinasomwa mpaka leo, na ndani yake amesisitiza bidii na nidhamu kuliko kipaji. Kwa hiyo asije mtu akadhani haya yalimpata kwa sababu hakusoma. Yalimpata akiwa kileleni, naye ni mwalimu wa walimu.

Ukitaka kujua kilichomponza, itazame siku yake ya kazi. Tangu 1760 aliishi na kufanya kazi katika nyumba moja kubwa ya Leicester Fields. Aliamka mapema, akanywa chai saa tatu asubuhi, saa nne akaingia karakana. Saa moja ya kwanza ilikuwa yake peke yake: kupitia michoro, kugusagusa picha ambazo hazijaisha. Saa tano mteja wa kwanza alibisha hodi. Kuanzia hapo hadi saa kumi jioni watu walipokezana kitini, kila mmoja na saa yake au zaidi kidogo: mke wa bwana fulani, jemadari, mwigizaji wa jukwaani, askofu, mtoto asiyetulia. Saa kumi aliweka brashi chini, akabadilisha nguo, na jioni ikawa ya wageni na mazungumzo.

Chumba chenyewe kilikuwa na pembe nane, urefu wake futi 20 hivi, na dirisha moja dogo lililowekwa juu sana, kizingiti chake futi tisa kutoka sakafuni, ili mwanga ushuke usoni kwa mteja kutoka upande mmoja tu. Kiti cha mteja kilikuwa na magurudumu na kimeinuliwa futi moja na nusu, ili macho ya anayechorwa yalingane na macho ya mchoraji aliyesimama. Reynolds alichora akiwa wima, akirudi nyuma na kusogea mbele, na vijiti vya brashi zake vilikuwa na urefu wa inchi 18 hivi. Mwenye brashi ndefu namna hiyo hachori kope mojamoja. Anatafuta umbo zima la uso, kivuli na nuru, na katika hilo wachache walimfikia.

Madaftari yake ya miadi yamehifadhiwa, na kutoka humo inajulikana kwamba mwaka 1758 pekee alikuwa na wateja wapatao 150. Hebu fikiria hesabu hiyo: mwaka wa kawaida una siku 365, kila mteja anahitaji kuja mara kadhaa, na kila picha ina uso, mikono, nguo, mbwa, mti, wingu. Nguo aliwaachia wasaidizi. Giuseppe Marchi alikuja naye kutoka Roma, na Peter Toms alikuwa fundi wa kuchora mavazi. Uso ulikuwa wa bwana mwenyewe. Hata Jumapili alichora. Rafiki yake Samuel Johnson, mtunzi wa kamusi, alipokuwa kitandani akingoja kifo mwaka 1784, alimwomba mambo matatu: amsamehe deni la pauni 30, asome Biblia, na asishike brashi siku ya Jumapili. Mtu anayekufa haombi jambo ambalo halijamkera kwa muda mrefu.

Malipo nayo yalikuwa na utaratibu wake. Mteja alilipa nusu siku ya kwanza ya kukaa kitini, na nusu picha ilipokwisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1780 bei ilikuwa gini 50, sarafu ya Kiingereza ya wakati huo, kwa picha ya kichwa na mabega, 100 kwa picha ya nusu mwili, na 200 kwa mtu mzima kuanzia utosini hadi viatuni. Naona huu ni utaratibu mzuri, na mchoraji yeyote wa leo anayeanza kazi bila kupokea nusu anajitafutia matatizo. Ila una upande wake mbaya: nusu ya pili inalipwa siku ile picha inapopendeza macho kuliko siku nyingine zote, rangi ikiwa bado inang'aa kwa ubichi. Hakuna malipo yaliyowekwa kwa ajili ya mwaka wa kumi. Mchoraji asipoufikiria mwaka huo mwenyewe, hakuna wa kumlazimisha.

Hapo ndipo mafuta na ratiba viligombana.

Rangi ya mafuta ni unga wa rangi uliosagwa pamoja na mafuta ya mbegu za kitani. Mafuta hayo hayakauki kwa kupoteza maji kama rangi ya maji inavyofanya. Hukauka kwa kuvuta oksijeni kutoka hewani na kugeuka taratibu kuwa utando mgumu. Juu huanza kushika mapema, ndani bado kubichi. Tabaka jembamba linaweza kukamatika kwa siku chache, nene likachukua wiki au miezi, na picha nzima huendelea kujikaza chini kwa chini kwa muda mrefu baada ya kidole kuona kwamba pamekauka. Ndiyo maana mafundi wa tangu zamani walifundishana kwamba mkono wa chini uwe na mafuta machache na wa juu uwe na mafuta mengi kidogo, na kila mkono usubiri ule wa chini yake ukauke. Ukifanya kinyume chake, tabaka la juu hukauka kabla ya la chini, la chini likaja kujivuta baadaye, na la juu, ambalo sasa ni gumu, halina pa kwenda isipokuwa kupasuka.

Mtu mwenye wateja watano kwa siku hana nafasi ya kusubiri. Na Reynolds alikuwa na njaa nyingine zaidi ya muda. Alikuwa ameona Italia picha za Titian, zenye ule wekundu wa ndani, kama damu inayopita chini ya ngozi. Alikuwa ameona picha za Rembrandt zilizokolea kama asali. Aliamini kwamba mabingwa hao walikuwa na siri, dawa fulani iliyopotea. Alifika mahali pa kununua picha za kale za Venice na kuzikwangua tabaka baada ya tabaka apate kuona zilivyojengwa. Kazi nzuri ya mtu mwingine, iliyokwisha kudumu miaka 200, ikaishia kuwa vumbi kwenye ncha ya kisu chake. Alichokosa kuzingatia ni kwamba sehemu ya ule ukolezi uliomvutia ilitokana na uzee: vanishi iliyogeuka manjano, mafuta yaliyokomaa. Alitaka picha ya leo iwe na sura ya picha ya jana, na aitoe kabla ya msimu kwisha.

Basi akachanganya. Nta, kwa sababu inanenepesha rangi papo hapo. Utomvu wa miti, kwa sababu unashika haraka na kung'aa kama kioo. Mafuta yaliyochemshwa na risasi kisha kutiwa vanishi, ambayo hugeuka uji laini unaoteleza chini ya brashi kwa namna ya kumfurahisha mchoraji yeyote. Na lami. Huo ndio mtego mkubwa kuliko yote. Lami ikitandazwa nyembamba juu ya rangi hutoa kahawia ya joto isiyo na mfano, vivuli vyenye kina hata unaona kama unaweza kuingiza mkono. Lakini haikauki. Mwaka wa kwanza picha ni tamu. Miaka inavyopita lami hujisogeza, hujikusanya, inaweka makunyanzi, hata sehemu zenye kivuli zinafanana na mgongo wa mamba. Wachoraji wengi wa Uingereza wa kizazi kilichomfuata waliiga lami hiyo, na picha zao zimepatwa na ugonjwa uleule.

Wekundu nao una kisa chake. Reynolds alianza nyuso kwa rangi za baridi: nyeupe ya risasi, nyeusi, na wekundu kidogo. Uso ulipokuwa umesimama, wa kijivu kama mtu aliyetoka homa, ndipo alipotandaza juu yake wekundu mwembamba wa kuupa uhai mashavu, midomo, ncha za masikio. Wekundu aliopenda ulitokana na wadudu wadogo wanaoishi kwenye dungusi kakati huko Meksiko na Amerika ya Kusini, hukaushwa na kusagwa. Ni rangi ya kupendeza sana, ila haistahimili mwanga. Dirisha likiipiga mwaka baada ya mwaka, inapauka hadi inatoweka. Na kwa kuwa uhai wote wa uso ulikuwa katika ule mkono mmoja wa juu kabisa, ulipoondoka ukaacha kilichokuwa chini: kijivu cha siku ya kwanza. Ndiyo sababu katika picha zake nyingi mabibi waliokuja kitini wakiwa na afya njema leo wanatutazama wakiwa weupe kama waliotolewa damu.

Hakukosa mtu wa kumwambia. James Northcote, aliyeishi nyumbani kwake kama mwanagenzi kuanzia 1771 hadi 1776, alisimulia baadaye kwamba alithubutu kumshauri bwana wake atumie zinjifuri, wekundu utokanao na zebaki, ambao ungedumu zaidi. Reynolds aliutazama mkono wake mwenyewe, akajibu kwamba haoni zinjifuri katika nyama ya mwanadamu. Nalitafakari sana jibu hilo. Kwa jicho, ni la kweli: zinjifuri ni nzito, haina ule wepesi wa damu chini ya ngozi. Lakini kijana alikuwa akizungumzia mwaka wa ishirini, na bwana akajibu kuhusu asubuhi ile. Bwana hakubadili nia. Nani atabishana na rais wa Chuo?

Northcote huyohuyo anasema kwamba michanganyiko ya rangi ya bwana ilifungiwa kwenye droo kwa ufunguo, na wanafunzi hawakuruhusiwa kuiona. Waliishi ndani ya nyumba ya mchoraji mkuu wa nchi, wakasaga, wakafagia, wakachora mikunjo ya nguo, na wasijue anachotia kwenye rangi. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kama Reynolds angeziweka wazi dawa zake mezani, angalau mtu mmoja kati ya wale waliosaga rangi kila siku angemwonyesha kwamba hii na hii hazikai pamoja. Fundi wa vanishi angemwambia, na muuza rangi pia. Siri ilimlinda asiigwe, ikamlinda pia asisahihishwe.

Wateja hawakunyamaza. Baadhi walirudisha picha zao zirekebishwe. Horace Walpole, mwandishi na mkusanyaji wa sanaa, alipendekeza kwamba Reynolds alipwe mwaka hadi mwaka, kwa kadiri picha itakavyoendelea kuwapo. Maneno hayo yalizunguka London nzima, na kwa mtu aliyejali heshima kama Reynolds lazima yaliuma. Inasemekana alijitetea kwamba picha zote nzuri hupasuka. Utetezi huo haufai kitu. National Gallery ya London ina picha ya Jan van Eyck ya bwana na bibi Arnolfini, iliyochorwa kwa mafuta juu ya ubao wa mwaloni mwaka 1434. Ilikuwa na miaka zaidi ya 300 wakati Reynolds akiwa kazini, na mpaka leo unaweza kuhesabu manyoya ya yule mbwa mdogo miguuni pao. Van Eyck alipaka tabaka nyembamba za mafuta, moja ikasubiri nyingine. Na huhitaji kwenda mbali hivyo. Mpinzani wa Reynolds katika mji uleule na miaka ileile, Thomas Gainsborough, alipaka rangi nyepesi, akachora nguo kwa mkono wake mwenyewe, na kazi zake kwa jumla zimefika kwetu zikiwa na hali njema kuliko za rais.

Yuko aliyemtetea vizuri zaidi kuliko alivyojitetea mwenyewe. Sir George Beaumont, tajiri aliyependa sanaa na aliyechangia picha zake kuanzisha National Gallery, aliambiwa na rafiki yake kwamba anaogopa kumpa Reynolds kazi kwa kuwa rangi zake zinapauka. Beaumont akamjibu kwamba hata picha ya Reynolds iliyopauka itakuwa kitu bora kuliko vyote anavyoweza kupata. Nimeusikia utetezi wa namna hii hata kwa wachoraji wa leo: mradi kazi ina roho, mwili wake si neno. Sikubaliani nao. Roho ya picha haina mahali pengine pa kukaa isipokuwa kwenye ule utando wa mafuta. Tena Beaumont alikuwa akisema kama mtu mwenye macho na mali. Baba aliyelipa gini 50 apate sura ya bintiye kabla hajaolewa na kwenda mbali hakununua roho ya sanaa. Alinunua mashavu ya binti yake, na mashavu yamekwenda.

Kwetu, anayechukua oda ya picha ya marehemu mzazi, ya bibi harusi, au ya mwenyekiti mstaafu, anachukua amana ya aina hiyohiyo. Na upo mtego ambao London ya Reynolds haikuwa nao. Rangi ya mafuta ya dukani, ile ya mageti na milango, imetiwa dawa ya kuharakisha ukaukaji. Ukiipaka jioni, asubuhi imeshika. Edward Saidi Tingatinga na waliomfuata Dar es Salaam tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 walijenga mtindo mzima juu ya rangi ya aina hiyo, kwenye hadibodi, na mwendo wa kazi yao unaendana nayo: usuli kwanza, kisha umbo, kisha madoa. Mchoraji aliyelelewa katika mwendo huo akihamia rangi za mafuta za kwenye tyubu huja na haraka yake. Anapiga mikono mitatu kwa siku mbili, anaona panang'aa, anatia vanishi, anapeleka kwa mteja Ijumaa. Rangi ya tyubu haikutengenezwa kwa mwendo huo. Vanishi ya mwisho hungoja miezi sita, na kwa picha nene mwaka mzima. Mwambie mteja tangu siku ya kupokea nusu ya kwanza kwamba utairudia picha kwake kuipaka vanishi, na uandike tarehe. Wengi hufurahi kusikia kwamba kazi yao ina siku ya pili.

Na kuhusu rangi zinazopauka, leo mchoraji hana udhuru ambao Reynolds angeweza kuudai. Watengenezaji wazuri huandika kwenye tyubu rangi hiyo inastahimili mwanga kwa kiasi gani, na huweka herufi na namba za unga uliotumika. Ukiona NR4, ujue ni wale wadudu wa dungusi kakati. Tyubu isiyoandikwa lolote ijaribu mwenyewe. Paka mistari ya kila rangi kwenye kipande cha kadi, funika nusu ya kila mstari kwa karatasi nzito isiyopitisha mwanga, kisha ibandike kwenye dirisha linalopigwa na jua. Baada ya miezi michache bandua karatasi ulinganishe nusu mbili. Jaribio hili halihitaji maabara, na Reynolds angeweza kulifanya kwenye lile dirisha lake dogo la juu miaka yote 30 na ushei aliyokaa Leicester Fields. Alikuwa na moyo wa kujaribu, tena kuliko wenzake wote. Kadi ndiyo aliyoikosa: alijaribia kwenye nyuso za watu.

Hata alipokuwa na mteja mkubwa kuliko wote hakuacha. Mwaka 1785 Malkia Catherine wa Urusi alimwagiza picha, akiachiwa achague mwenyewe cha kuchora. Akachora Hercules akiwa mtoto mchanga, akinyonga nyoka kitandani. Alibadili, akafuta, akachora juu ya alichochora, akabadili tena, hadi akasema mwenyewe kwamba chini ya picha ile mna nyingine kumi, baadhi nzuri zaidi na baadhi mbaya zaidi. Picha hiyo iko katika makumbusho ya Hermitage, St. Petersburg. Yeyote aliyenielewa hapo juu kuhusu tabaka la chini na tabaka la juu ataona picha kumi zilizorundikwa maana yake ni nini.

Mwaka 1789 jicho lake la kushoto lilipoteza uwezo wa kuona, naye akaweka brashi chini. Alifariki Februari 1792, akazikwa kwa heshima kubwa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo. Mzigo ukabaki kwa wengine, na bado wanao. Mtaalamu wa kutunza picha akitaka kuondoa vanishi iliyoingia manjano kwenye picha ya kawaida ya mafuta, huiyeyusha kwa kimiminika kinachokula utomvu na kuacha mafuta. Kwenye picha ya Reynolds utomvu umo hata ndani ya rangi, kwa hiyo kimiminika kinachoondoa uchafu huondoa na shavu. Zamani, kabla hili halijaeleweka, picha zake kadhaa ziliparuzwa namna hiyo. Wallace Collection ya London ilizichunguza picha zake kwa eksirei na kwa punje ndogo mno za rangi chini ya hadubini, na mwaka 2015 ikafanya maonyesho kuhusu majaribio yake. Uzito wa kazi zake haujapungua: picha yake ya Mai, kijana wa Polinesia aliyeletwa London katika miaka ya 1770, ilinunuliwa mwaka 2023 kwa pauni milioni 50 na makumbusho mawili kwa pamoja, la London na la Los Angeles.

Wenzake wa Chuo je, walijifunza? Miaka michache tu baada ya mazishi, Thomas Provis na binti yake Ann Jemima, msichana mchoraji wa picha ndogo, walimwendea Benjamin West, aliyerithi kiti cha urais. Walidai wana nakala ya maandishi ya kale yenye siri ya rangi ya Titian. Baadhi ya wanachama wa Chuo walitoa gini kumi kila mmoja na kuahidi kutomwambia mtu. Hawa ni watu waliozipita kila siku picha za Reynolds zikikatika ukutani, na wengine wao waliujua mchezo wake wa siri tangu akiwa hai. Walichora kwa dawa hiyo, wakazitundika picha katika maonyesho ya mwaka 1797, na watu wakaona rangi butu zisizo na uhai wowote. Ulaghai ukajulikana. Mwaka huohuo James Gillray alichapisha kibonzo kinachowakejeli wachoraji hao, msichana akiwa juu ya upinde wa mvua, na chini yao Reynolds akichomoza kutoka sakafuni, tarumbeta aliyoitumia kwa sababu ya uziwi wake ikiwa sikioni, asikie ni dawa gani safari hii.